Daftari Linasema Hivi, Kanda Inasema Vile

Ukipanda treni ya Laini Nyekundu katikati ya Washington ukaelekea kaskazini, ukashuka Rockville katika jimbo la Maryland, si mbali na kituo kuna eneo ilipokuwa hospitali ya Chestnut Lodge. Jengo lake kuu liliteketea kwa moto mwaka 2009. Nyumba ndogo aliyojengewa daktari Frieda Fromm-Reichmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akafika hapo mwaka 1935, ingali imesimama. Mshauri nasaha akiniuliza kuhusu kusomea uzamivu, mimi humwambia akaitazame kwanza nyumba ile, ndipo afungue kitabu cha mbinu za utafiti. Wengine hudhani nawatuma kuhiji. Nawatuma kwenye kesi.

Kwa asiyeufahamu, ushauri wa saikodainamiki ni mjukuu wa Freud. Mshauri hatoi mawaidha, wala hampi mteja mazoezi ya kufanya nyumbani. Anasikiliza jinsi mambo ya zamani yanavyojipenyeza katika ya leo, hata ndani ya chumba kile kile cha ushauri. Mteja aliyechelewa dakika mbili akaomba radhi mara nne huenda hasemi na wewe. Anasema na baba aliyekuwa akimngoja mlangoni na mkanda mkononi. Ukishayasikia ya namna hiyo miaka kumi au ishirini, unaanza kuamini kwamba sikio lako halikosei. Mafunzo ya uzamivu, kwa mtu ambaye tayari yuko kazini, huanzia kwenye imani hiyo, na huanza kwa kuitikisa.

Waliofanya kazi Chestnut Lodge walikuwa na masikio ya ajabu. Fromm-Reichmann, na baada yake Harold Searles, waliketi na wagonjwa wa skizofrenia ambao kwingine watu walikwisha kata tamaa nao, saa kwa saa, mwaka kwa mwaka. Waliyojifunza waliyaandika kama visa vya wagonjwa, na visa hivyo vinasomwa hadi leo. Kisha, Januari 1979, akaingia Rafael Osheroff, daktari wa figo mwenye sonona nzito. Alikaa miezi saba akitibiwa kwa mazungumzo bila dawa za sonona, akapungua kilo 18 hivi, hali ikizidi kuharibika. Akahamishiwa hospitali nyingine huko Connecticut, akapewa dawa, na baada ya wiki chache akaanza kupata nafuu. Akaishtaki Chestnut Lodge. Mwaka 1987 pande mbili zikapatana bila hukumu, lakini mjadala haukuisha: mwaka 1990 Gerald Klerman aliitumia kesi hiyo kudai kwamba mgonjwa ana haki ya kupewa tiba ambayo imepimwa ikaonekana inafaa.

Kesi hii hupendwa na wasioipenda saikodainamiki, nao hukomea hapo. Mimi huendelea kidogo. Kabla kesi haijamalizika, mtu wa hospitali ile ile, Thomas McGlashan, alikwisha fungua makabati ya mafaili. Aliwafuatilia wagonjwa 446 waliotibiwa kati ya 1950 na 1975, wastani wa miaka 15 baada ya kutoka, na mwaka 1984 akaanza kuchapisha alichokikuta: karibu theluthi mbili ya wenye skizofrenia walikuwa wanaishi kwa kujikongoja au hali zao zilikuwa mbaya zaidi. Wenye sonona walikuwa na unafuu mkubwa zaidi. Utafiti wake haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hauwezi kutuambia kwamba mazungumzo ndiyo yaliyowadhuru. Unatuambia tu walikofikia. Hata hivyo, kutoa takwimu kama hizo juu ya nyumba uliyolelewa kikazi kunahitaji ujasiri. Nikiulizwa mtafiti-mshauri ni mtu wa namna gani, humtaja yeye.

Mfano wa pili uko Bethesda, mji wa jirani, kwenye Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Margaret Rioch aliwachukua akina mama wanane wa umri wa miaka 40 hivi, watoto wao wakiwa wamekua, akawafundisha kazi ya ushauri kwa miaka miwili. Waliocheka walikuwa wengi, nadhani. Rioch hakubishana nao. Alirekodi mazungumzo ya akina mama hao na wateja, akawapa wataalamu wa nje wasikilize bila kujua ni nani anayesema. Akina mama walipata alama nzuri. Kwangu jambo kubwa hapo ni kwamba kazi yao ilihukumiwa na sikio la mgeni, ambalo halikuwa na undugu wala uadui nao.

Sikio hilo ndilo analojengewa mwanafunzi wa uzamivu, na linauma. Katika muhula wangu wa kwanza tuliambiwa tukae wawili wawili, mmoja mshauri, mwingine mteja wa kuigiza, turekodi dakika 50. Mwenzangu alikuwa Mkenya anayeishi Silver Spring. Sisi wawili tu ndio tuliokuwa Waswahili darasani. Jioni ile niliandika maelezo ya kikao kama nilivyozoea kazini: “Mteja alipomtaja mama yake alinyamaza kwa muda mrefu. Nikamwachia nafasi.” Siku iliyofuata nikakaa na rekodi kuinakili neno kwa neno, kila “mm” na kila pumzi. Saa moja ya sauti hula saa tano au sita za kuandika, usisadiki anayekwambia vinginevyo. Nilipofika kwenye ukimya ule nikaupima. Sekunde nne. Nami ningeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba ilikuwa dakika nzima! Baada ya hizo sekunde nne aliyesema ni mimi, na nililosema lilikuwa swali juu ya kazi yake.

Sikuwa nimedanganya. Nilichokiandika kilikuwa urefu wa wasiwasi wangu. Mshauri wa saikodainamiki anajua kwamba hisia zake mwenyewe ni habari juu ya mteja. Utafiti unamlazimisha azitenganishe na saa ya ukutani, kisha aviweke vyote viwili mezani.

Hapa Washington na majimbo ya jirani, Maryland na Virginia, huhitaji uzamivu ili upate leseni ya ushauri. Uzamili na saa za kazi chini ya msimamizi zinatosha. Anayerudi darasani akiwa na wateja wake hana budi kujua anafuata nini. Zipo njia tatu. Ya kwanza ni uzamivu wa saikolojia ya tiba au ya ushauri nasaha, kama unaotolewa Chuo Kikuu cha Howard, ambako tasnifu ni utafiti kamili. Mfumo wake ulikubaliwa katika mkutano wa Boulder mwaka 1949: mtu awe mwanasayansi na mtoa huduma pamoja. Ya pili ni udaktari wa utendaji, uliopewa baraka mwaka 1973 katika mkutano wa Vail, wenye uzito zaidi kwenye tiba. Chuo Kikuu cha George Washington kinao, na kinajulikana kwa kuegemea saikodainamiki. Ya tatu ni uzamivu wa kuwafundisha na kuwasimamia washauri wengine, ambao vigezo vyake vinasimamiwa na bodi ya ithibati yenye ofisi Alexandria, ng'ambo ya mto Potomac. Msomaji wa Nairobi ana mlango wa karibu zaidi: chuo cha USIU kinatoa udaktari wa saikolojia ya tiba, na tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia.

Lolote utakalochagua, utakwama kwenye swali la utafiti. Washauri huja na maswali makubwa kama bahari: je, saikodainamiki inaponya? Wafundishwe kwa mfano wa Howard. Francis Cecil Sumner, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata uzamivu wa saikolojia, aliupata mwaka 1920 katika Chuo Kikuu cha Clark kwa tasnifu juu ya Freud na Adler. Baadaye akaiongoza idara ya Howard hadi kifo chake mwaka 1954. Katika idara hiyo alisoma Mamie Phipps Clark. Kwa uzamili wake hakuuliza ubaguzi unaifanya nini nafsi ya mtu mweusi. Aliwaonyesha watoto weusi wa chekechea wa Washington picha za kuchora, akawauliza ni ipi inayowaonyesha wao. Swali la sentensi moja, ambalo mtoto wa miaka mitatu anaweza kulijibu kwa kidole. Utafiti wa wanasesere alioufanya baadaye na mumewe Kenneth ulitokana na hapo, nao ukatajwa katika uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1954 uliopiga marufuku shule za kibaguzi.

Takwimu nazo zisiogopwe. George Washington kilikuwa kituo kimojawapo kati ya vitatu vya utafiti mkubwa wa kitaifa wa sonona, ambapo wagonjwa 250 waligawiwa kwa bahati nasibu: tiba mbili za mazungumzo, dawa, au vidonge visivyo na dawa. Mwaka 1996 Janice Krupnick na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kanda za vikao vile. Uhusiano mzuri kati ya mgonjwa na mtoa huduma uliendana na nafuu katika makundi yote, hata la vidonge vitupu. Mwanasaikodainamiki gani angechukizwa na habari hiyo?

Kamati ya maadili ya utafiti ndiyo inayowatoa jasho wengi. Kanuni zake zimejengwa juu ya Ripoti ya Belmont ya 1979, iliyopewa jina la nyumba ya mikutano huko Elkridge, Maryland: mheshimu mtu, mfanyie wema, tenda haki. Zinaonekana nyepesi hadi utake kumtafiti mteja wako mwenyewe. Mtu aliyelia mbele yako Jumanne, Alhamisi utampa fomu ya ridhaa, naye atakataa vipi? Kwa hiyo wasimamizi wengi hushauri umwachie mwingine aombe ridhaa hiyo, au uwatafiti wateja wa wengine. Siri za vikao zina ulinzi: mwaka 1996, katika kesi ya Jaffee na Redmond, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kulazimisha zitolewe, hata mtoa huduma akiwa ofisa ustawi wa jamii. Lakini mji huu una jumuiya ndogo ndogo. Ukiandika “mwanamke wa Tanga, muuguzi, anaishi Hyattsville,” umeshamtaja. Tukutane harusini Jumamosi uone.

Nirudi kwenye rekodi yangu, kwa sababu sikuimaliza. Mwaka mmoja baadaye msimamizi alinitaka niitafsiri kwa ajili ya wasiojua Kiswahili. Nilishangaa: kutafsiri nini, tulizungumza Kiingereza. Nikaisikiliza tena. Kwa dakika 30 ni Kiingereza kitupu, kweli. Kisha mwenzangu anafika kwa mama yake na kusema, polepole, “Lakini mama… roho yake ilikuwa imechoka, unajua.” Sekunde nne. Nami nauliza swali langu la kazi kwa Kiingereza, naye ananifuata huko huko hadi mwisho wa kikao. Nilihangaika siku mbili na hilo neno roho, nikaliacha lilivyo na maelezo ya nusu ukurasa chini yake. Kisha nikafungua daftari la siku ile kutafuta nilipoandika kwamba lugha ilibadilika. Hapakuwa na kitu.