Kuchelewa Kufunguka kwa Folda katika Kompyuta ya Nyumbani: Kutambua Chanzo Kabla ya Tiba

Mtumiaji wa kompyuta ya nyumbani inayoendeshwa na Windows hubofya folda yake ya picha, kisha husubiri nusu dakika au zaidi huku mstari wa kijani ukijongea taratibu juu ya dirisha. Tatizo hili aghalabu hutibiwa kwa mazoea: fundi huongeza kumbukumbu, hufuta faili au huweka upya mfumo endeshi. Makala hii inashikilia kwamba tiba hizo hutangulizwa kabla ya kujibiwa swali la msingi, yaani, kompyuta inasubiri nini? Swali hilo si la kasi pekee, kwa kuwa chanzo kimojawapo cha ucheleweshaji huu huweza kuishia katika kupotea kwa picha zote.

Ni muhimu kutofautisha kazi mbili ambazo mtumiaji huziona kuwa moja. Kazi ya kwanza ni kuorodhesha majina. Katika mfumo wa faili wa NTFS, majina ya faili, ukubwa na tarehe zake huhifadhiwa pamoja katika faharasa ya folda. Hivyo kuyasoma ni kazi fupi. Kazi ya pili ni kuihoji kila faili kuhusu yaliyomo ndani yake: kijipicha cha kuonyesha, tarehe ya kupigwa picha, muda wa wimbo. Hapo faili zenyewe hazina budi kufunguliwa. Diski yenye sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takribani milisekunde 8.3, na kwa wastani data husubiriwa nusu ya muda huo. Kusogea kwa kichwa cha kusomea huongeza milisekunde 9 hivi. Ikichukuliwa kwamba kila faili inahitaji kusomwa mara moja tu, picha 2,000 zilizotawanyika zitahitaji takribani sekunde 26, kabla hata ya kijipicha kimoja kuchorwa. Ni kweli kwamba vijipicha huandaliwa hasa kwa faili zinazoonekana kwenye dirisha. Lakini folda ikipangwa kwa tarehe ya kupigwa picha, faili zote lazima zihojiwe ndipo mpangilio ukamilike. Ndiyo maana kuongeza kumbukumbu hakusaidii sana folda inapofunguliwa kwa mara ya kwanza, ilhali diski isiyo na sehemu zinazozunguka huondoa sehemu kubwa ya kusubiri huko.

Kutokana na tofauti hiyo hupatikana kipimo rahisi. Kompyuta huwashwa upya, kwa sababu folda iliyokwisha kufunguliwa huweza kusomwa tena kutoka kwenye kumbukumbu na kuficha tatizo. Kisha, kabla ya folda kufunguliwa kwa kipanya, hutolewa amri ya dir katika dirisha la amri. Amri hii hufanya kazi ya kwanza pekee. Majina yakitoka mara moja ilhali dirisha la kawaida linakwama, shaka huelekezwa kwenye kazi ya pili. Hata hivyo, kipimo hiki hakithibitishi kwamba diski ni nzima, kwani amri hiyo haigusi yaliyomo ndani ya faili.

Ikiwa kazi ya pili ndiyo yenye kasoro, marekebisho yake ni mepesi. Katika sifa za folda, aina yake hubadilishwa kutoka picha au muziki kuwa vitu vya jumla, na mpangilio ukafuata majina. Folda ya vitu vilivyopakuliwa hunufaika zaidi na badiliko hili. Tangu Windows Vista, vijipicha vilivyokwisha kuchorwa hutunzwa mahali pamoja kwa kila mtumiaji. Programu za usafi zinazovifuta kila wiki kwa madai ya kuongeza kasi huilazimisha kompyuta kuvichora upya, jambo ambalo ni kinyume cha zilichoahidi. Pia zipo programu zinazojipachika katika menyu ya kitufe cha kulia cha kipanya. Hizi hushukiwa pale ucheleweshaji unapotoweka kompyuta ikiwashwa katika hali salama.

Kila folda ikichelewa, hata ile yenye faili tatu, hukaguliwa viungo vya diski za mtandao zisizopatikana tena. Dirisha huweza kuzisubiri hadi likate tamaa.

Hali inayohitaji tahadhari kubwa ni ile ambapo folda moja tu hukwama, kila mara, kwenye faili zilezile, na pengine diski hugongagonga. Diski hiyo huenda inarudia kusoma vipande vilivyoharibika. Taarifa za SMART ambazo diski hujiwekea huonyesha idadi ya vipande vilivyohamishwa na vinavyosubiri kuamuliwa. Idadi hiyo ikiongezeka, diski inakufa. Hapa ndipo mazoea ya kuweka mfumo upya yanapokuwa ya hatari, kwa kuwa picha za harusi na za marehemu hufutwa kutoka kwenye diski ambayo huenda isingezirudisha tena. Hata amri ya chkdsk yenye kigezo cha /r, ambayo hupekua diski nzima, huichosha zaidi. Zinakiliwe kwanza faili zisizo na nakala kwingine, kisha nyinginezo, na zile zinazokwama ziachwe mwisho. Ukarabati ufanyike baada ya hapo.