Simenti ya majivu: ukuta mgumu, maji yenye kuchoma

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama wa kambini, leo tuzungumze juu ya simenti isiyo simenti. Mafundi wanaiita jiopolima. Majivu mepesi yanayonaswa katika moshi wa mitambo ya umeme ya makaa ya mawe huchanganywa na mchanga, soda kostiki na silikati ya soda. Sisi hapa Katanga umeme wetu mwingi unatoka katika maji ya mito, kwa hiyo majivu hayo si mali yetu. Majirani zetu wa Zambia wanachoma makaa huko Maamba.

Yatufaa nini basi? Ninyi mnaofanya kazi karibu na matangi ya kulowekea shaba mmeona sakafu inavyoliwa na asidi. Simenti ya kawaida imejaa chokaa. Asidi ya salfa ikikutana na chokaa hutengeneza jasi, nayo jasi huvimba, na sakafu inalainika na kubanduka. Majivu yenye chokaa kidogo hayaipi asidi chakula kingi. Yataliwa, lakini polepole zaidi. Hata moto mkali huyavumilia vizuri kuliko simenti.

Lakini ugumu huo hauji bure. Majivu peke yake yanakawia kushikana. Mara nyingi yanataka joto la digrii 60 hadi 80 kwa siku nzima. Na soda ikizidi kipimo, hutokea unga mweupe juu ya ukuta.

Hiyo soda ndiyo shabaha yangu. Lita moja ya maji yake inaweza kubeba gramu 400. Ikigusa mkono wako utasikia utelezi kama wa sabuni, na kweli ni sabuni: inatengenezwa kwa mafuta ya ngozi yako! Maumivu yanaweza kuchelewa, na wengi hudanganyika hapo. Ikiingia jichoni, inaweza kukupofusha.

Kwa hiyo vaa miwani ya kazi iliyofunga pande zote, glavu ndefu za mpira na buti. Mimina soda ndani ya maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya soda, maana itachemka na kukurukia usoni. Usitumie ndoo wala sufuria ya aluminiamu. Soda huila na kutoa gesi inayowaka. Majivu makavu nayo yana vumbi baya kwa mapafu: vaa kinga ya pua.

Ukirukiwa, vua nguo zilizolowa, jimwagie maji safi mengi dakika 20 au zaidi, jicho likiwa wazi. Usipake ndimu wala siki. Kisha njoo dispanseri hata kama huoni kidonda.

Akina mama, bidoni iliyobeba soda msikubali iletwe nyumbani kuwekea maji, hata ikioshwa mara kumi. Mtoto akimeza, msimtapishe. Msukutueni kinywa, mleteni mbio, mchana au usiku, na bidoni yenyewe mje nayo.