Mkorogo: kopo lisilo na lebo linalovuka mipaka

Yako maneno machache katika habari za Tanzania ambayo mimi, nikiwa mfasiri, huwa sihangaiki nayo. Mojawapo ni mkorogo. Kwa Kiswahili limetokana na kitenzi kukoroga, kama mtu akorogavyo uji jikoni. Kinyarwanda nacho kimelipokea na kuliita mukorogo, nalo laeleweka Nyamirambo sawasawa na linavyoeleweka Kariakoo. Kwa hiyo kila inapofika mezani pangu habari ya shehena ya vipodozi vilivyokamatwa ng'ambo ya mpaka, neno hilo huliacha lilivyo na kuendelea na sentensi inayofuata. Tena ipo sababu nyingine ya kutofungua kamusi: mkorogo nimewahi kuupaka.

Nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam, na shoga yangu tuliyekaa naye chumba kimoja alikuwa akijiandaa kuolewa. Bi harusi wa pwani hupitia mikono mingi kabla ya siku yake. Kuna singo ya kusugulia mwili, kuna liwa, kuna hina ya mikononi na miguuni, na mambo hayo yote huandaliwa nyumbani na wanawake wenye umri, waijuao kazi yao. Lakini kabla ya hayo tulipitia saluni moja iliyosifiwa sana. Msusi alichukua beseni dogo la plastiki, akakamulia ndani yake tyubu tatu za krimu, akamimina losheni nyeupe ya kawaida na kimiminika fulani kutoka katika kichupa, kisha akakoroga kwa kijiko mpaka vyote vikawa kitu kimoja. Akajaza makopo mawili yaliyowahi kuwa na mafuta ya nywele. "Usiku tu, mdogo wangu," akaniambia, "na jua ulikimbie." Sikuuliza kilichomo. Nilimwamini kwa sababu shoga yangu alimwamini, naye alimwamini kwa sababu ya dada yake.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za raha, na sitalificha hilo, kwa maana anayeeleza madhara bila kutaja raha hiyo hasadikiwi na mtu. Ngozi ililainika, vipele vilitoweka, rangi ikafunguka. Niliporudi Kigali likizo, shangazi zangu wa Biryogo walinigeuzageuza mlangoni na kuniita inzobe. Hapo ndipo kazi ya mfasiri ilipo ngumu. Inzobe ni mnyama wa jamii ya swala akaaye katika vinamasi, na kwa Kinyarwanda ndilo jina la sifa la msichana mwenye rangi nyeupe kidogo. Mswahili angesema maji ya kunde. Lugha mbili, moja ikitazama kinamasini na nyingine chunguni, zote zikisifia rangi ileile. Nilifurahi kupita kiasi.

Kopo lilipokwisha, uso ulilipuka. Uliwaka moto, ukawa mwekundu, ukatoka chunusi ambazo sikuwahi kuwa nazo hata nilipokuwa msichana mdogo. Nikaagiza kopo jingine, likaja kwa basi kupitia Rusumo likiwa limefungwa ndani ya kanga, na kwa siku tatu uso ukatulia. Nikaona kwamba hiyo ni dawa inanifaa. Kumbe kilichokuwa kikinitibu ndicho kilichoniunguza.

Madaktari wa ngozi hulieleza jambo hili vizuri. Makopo ya namna hii aghalabu huwa na kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni haidrokwinoni, inayozuia ngozi isitengeneze melanini, ile rangi inayotukinga na jua. Ikitumiwa kwa muda mrefu, hasa na watu wenye ngozi nyeusi, yaweza kuleta kinyume cha ilichoahidi: mabaka ya kijivu na ya bluu mashavuni ambayo ni shida kuyaondoa. Cha pili ni stiroidi kali kama klobetasoli, ambayo ni dawa halali hospitalini kwa magonjwa fulani ya ngozi na kwa muda mfupi. Hiyo hubana mishipa ya damu na kuifanya ngozi ionekane nyeupe na laini, huku ikiipunguza unene. Ndiyo iletayo michirizi ya mapajani, vidonda vinavyochelewa kupona, na ule mlipuko wa uso mtu anapoacha ghafla. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, hupenya hadi kwenye damu, na mwili hulegea katika kutengeneza homoni yake wenyewe ya namna hiyo.

Cha tatu ni zebaki, na hapa nitakaa kidogo. Zebaki nayo huzuia melanini, lakini haiishii kwenye ngozi. Huingia mwilini na kushambulia figo na mishipa ya fahamu. Ukanda wetu ulikwisha kuonywa zamani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili kwa sababu protini hupotea katika mkojo. Asilimia 53 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Zaidi ya hayo, zebaki hubaki katika mashuka na taulo, hutoa mvuke ndani ya nyumba, na hupita kutoka kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo hata yule asiyejipaka, akiwa analala kitanda kimoja na anayejipaka, yumo.

Sheria nazo hazikukosekana. Tanzania ilipata sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa mikononi mwa shirika lake la viwango, TBS. Hapa Rwanda, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, baada ya Rais kulisemea jambo hili hadharani, polisi na wakaguzi waliingia madukani na masokoni wakakusanya krimu zilizopigwa marufuku. Kimataifa upo Mkataba wa Minamata, uitwao hivyo kwa mji wa Japani ambako watu waliangamia kwa samaki wenye zebaki. Mkataba huo ulianza kwa kuruhusu kiasi kisichozidi sehemu moja katika milioni katika vipodozi. Mwishoni mwa 2023, mjini Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa hata nafasi hiyo, zikiweka 2025 kuwa mwaka wa mwisho wa vipodozi vilivyotiwa zebaki.

Ila mkaguzi wa mpakani hutazama katoni. Kopo langu halikuwa na jina, halikuwa na nchi, wala halikupita katika katoni. Lilisafiri ndani ya kanga. Bidhaa yenye lebo walau humpa mtu mahali pa kuanzia. Jina la haidrokwinoni, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, huanza kwa herufi hydroquin. Zebaki yaweza kuandikwa mercure, mercury au calomel. Shirika la Afya Duniani linataja na alama nyingine ambayo wengi hatuijui: krimu inayokuonya usiigusishe na fedha, dhahabu, alumini au vito ishuku, kwa sababu zebaki hushikamana na madini hayo. Mkorogo wa beseni hauna hata herufi moja ya kusomwa. Hata aliyeukoroga hajui kiasi alichotia. Yeye hukadiria kwa jicho, kama chumvi.

Mimi niliacha nilipopata mimba. Katika kliniki moja ya hapa mjini, muuguzi mtu mzima aliyekuwa akinipima alinishika mkono, akavitazama vifundo vya vidole vyangu kwa kitambo, kisha akauliza kwa upole, "Mama, unapaka nini?" Vifundo ndivyo visemavyo kweli. Ngozi ya hapo ni nene na ya kukunjamana, krimu haiibadilishi kama inavyobadilisha mashavu, na ndiyo asili ya mzaha wa mitaani kuhusu uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola. Mzaha huo nimeucheka mara nyingi katika maisha yangu. Siku ile nilivificha vidole chini ya mkoba.

Daktari niliyepelekwa kwake hakunigombeza. Alinipima mkojo na shinikizo la damu, akanipa krimu hafifu ya kutumia kwa kupunguza kidogo kidogo, na mafuta ya kujikinga na jua. Kisha akaomba kuliona kopo. Nilikuwa nimelitupa jalalani siku mbili kabla, kwa aibu, ili mume wangu asilione. Mpaka leo sijui nilijipaka nini kwa mwaka mzima na miezi. Mtoto alizaliwa salama, na sasa anasoma. Lakini miezi ile ya kungoja, ambayo mama wengine huihesabu kwa nguo ndogo walizonunua, mimi niliihesabu kwa vipimo.

Nayaandika haya kwa ajili ya msomaji ambaye kopo lake bado liko kabatini, kwa sababu ushauri mwingi tunaoutafsiri humalizika kwenye neno "acheni". Aliyetumia kwa muda mrefu asiache peke yake usiku mmoja kisha akarudia uso unapomuwaka. Aende hospitali, aeleze ametumia kwa miezi mingapi na sehemu gani za mwili. Mjamzito na anayenyonyesha waende leo. Anayevimba macho asubuhi au miguu jioni, au anayeona mkojo wenye povu, aombe kupimwa figo. Mashuka na taulo zilizogusana na krimu inayoshukiwa ziwekwe mbali na za watoto. Na kopo lenyewe lifungwe vizuri ndani ya mfuko, lipelekwe kwa daktari pamoja na mgonjwa, hata kama halina lebo.