Ufahamu: Kutembea kwa Miguu na Afya ya Mwili

Maelekezo: Soma makala ifuatayo mara mbili. Mara ya kwanza tafuta wazo kuu. Mara ya pili, ukiwa na kalamu mkononi, pigia mstari hoja kuu ya kila aya. Kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Mwanafunzi mpendwa, hebu hesabu saa unazokaa kwa siku moja. Unaamka alfajiri kujisomea, unakaa. Unaingia darasani, unakaa hadi mchana. Jioni kuna majadiliano ya kikundi, unakaa. Usiku kuna prepo, unakaa tena. Kadiri mtihani wa taifa unavyokaribia, hata ule mwendo mfupi wa kwenda uwanjani unaanza kuonekana kuwa ni kupoteza muda.

Mimi ni mwalimu, na kila mwaka muhula wa mwisho unapoanza naona mambo yale yale. Mmoja analalamika mgongo, mwingine kichwa, mwingine anasinzia juu ya daftari saa nne asubuhi. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha nne alianguka paredi. Tulipomuuliza kwa upole, alisema alikuwa ameacha kula chakula cha jioni kwa wiki mbili. Alitaka kupungua kabla ya mahafali. Alikuwa na akili nyingi darasani, lakini kuhusu mwili wake hakuna aliyekuwa amemweleza ukweli. Makala hii inaeleza ukweli huo kupitia zoezi ambalo kila mmoja wetu alilianza kabla hajafikisha miaka miwili: kutembea.

1. Kutembea na moyo

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jijini London. Kila basi lilikuwa na watu wawili kazini: dereva na kondakta. Walifanya kazi ndani ya gari lilelile. Tofauti ilikuwa moja kubwa: dereva alikaa karibu zamu yote, ilhali kondakta alipanda na kushuka mamia ya vidato vya ngazi za basi kwa siku akikusanya nauli. Morris alikuta kwamba makondakta walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na hata waliougua, wengi waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi.

Mwanafunzi makini atauliza: je, haiwezekani kwamba watu wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo? Swali hilo ni zuri, na Morris mwenyewe alilifuatilia kwa kuchunguza vipimo vya sare walizopewa. Kweli, madereva walikuwa na viuno vipana zaidi tangu walipoanza kazi. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ilitokana na hilo. Lakini mwelekeo uleule ulionekana pia kwa wafanyakazi wa posta: waliosambaza barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na mioyo yenye afya kuliko wenzao waliokaa ofisini. Tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha kwamba mwendo wa kila siku huulinda moyo.

Unaulinda vipi? Moyo ni msuli, na msuli hupata nguvu kwa kufanya kazi. Chukua mfano wa moyo unaopiga mara 70 kwa dakika na kusukuma mililita 70 za damu kwa kila pigo. Kwa dakika moja unasukuma mililita 4,900. Mtu anayefanya mazoezi kwa miezi kadhaa huwa na moyo unaosukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Ukisukuma mililita 82 kwa pigo, mapigo 60 yanatosha kufanya takriban kazi ileile. Mapigo 10 yakipungua kwa dakika, ni mapigo 14,400 kwa siku ambayo moyo hauhitaji kuyapiga.

Miguu nayo huusaidia moyo. Damu iliyoshuka miguuni lazima ipande kurudi juu, na njiani inapambana na uvutano wa dunia. Ndani ya vena kuna valvu zinazoizuia isirudi chini. Kila unapopiga hatua, msuli wa shavu la mguu unajikaza na kuzibana vena hizo, na damu inasukumwa kuelekea moyoni. Ukikaa saa tatu mfululizo pampu hiyo imesimama. Ndiyo maana baada ya prepo ndefu viatu hubana na miguu huwa mizito.

2. Kutembea na mafuta ya mwilini

Hapa ndipo wengi hudanganywa, kwa hiyo tufanye hesabu. Mtu mwenye kilo 60 akitembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hutumia takriban kilokalori 210 kwa saa moja. Lakini hata angekaa tu, angetumia kilokalori 60 hivi kwa kupumua, mapigo ya moyo na joto la mwili. Faida halisi ya kutembea ni 150 kwa saa, yaani 75 kwa nusu saa.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700. Gawanya kwa 75: utapata siku 103 hivi za kutembea nusu saa kila siku ili kupunguza kilo moja, endapo chakula hakitaongezeka. Sasa linganisha na soda moja yenye gramu 35 za sukari. Kila gramu ya sukari hutoa kilokalori 4, kwa hiyo soda hiyo ina 140. Unaifuta karibu saa nzima ya kutembea kwa dakika tano za kunywa.

Je, hesabu hii ikukatishe tamaa? Hapana. Inakufundisha mambo mawili. Kwanza, anayekuahidi kupungua kilo kumi kwa wiki mbili, iwe kwa chai, kidonge au mkanda wa tumbo, anakudanganya. Pili, haba na haba hujaza kibaba. Mwendo uleule wa nusu saa ukiendelea kwa mwaka mzima ni kilo tatu na nusu hivi, na utakuwa umezipunguza bila kushinda njaa hata siku moja.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mwili unaonyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Huvunja pia protini ya misuli. Ubongo nao hutegemea glukosi ili ufanye kazi, ndiyo maana aliyeshinda njaa husoma ukurasa mmoja mara nne bila kuuelewa. Kwa kijana ambaye bado anakua, kuacha mlo ni kujikopa kwa riba kubwa. Kama una wasiwasi na uzito wako, zungumza na mhudumu wa afya, kula mlo kamili, punguza vinywaji vya sukari na chipsi za kila siku, kisha tembea.

Kuna faida nyingine ambayo mizani haiioni. Ukishakula ugali, wali au viazi, glukosi huongezeka katika damu, na kongosho hutoa insulini ili glukosi hiyo iingie ndani ya seli. Misuli inapofanya kazi huweza kuchukua glukosi hata bila kungoja insulini nyingi. Kwa hiyo matembezi ya dakika kumi au kumi na tano baada ya chakula hupunguza kupanda kwa sukari ya damu. Kwa familia yenye historia ya kisukari, hili ni jambo la kumweleza baba, mama na bibi nyumbani.

3. Kutembea na kurejesha nguvu

Umewahi kumwona mwenzako akimaliza mbio, akasimama ghafla, akaanguka? Wakati wa kukimbia, mishipa ya miguu hupanuka na kupokea damu nyingi. Ukisimama ghafla, pampu ya shavu la mguu inasimama nayo, damu inabaki miguuni, na ubongo unapungukiwa. Kizunguzungu hufuata. Kwa sababu hiyo, baada ya mchakamchaka au mpira, tembea polepole kwa dakika tano hadi kumi hadi pumzi itulie.

Wengi huamini kwamba maumivu ya siku ya pili husababishwa na asidi ya laktiki iliyobaki kwenye misuli. Si kweli. Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi, na kutembea polepole huharakisha kuondoka kwake. Maumivu ya kesho yake hutokana na majeraha madogo sana katika nyuzi za misuli iliyofanya kazi isiyoizoea. Matembezi mepesi huongeza mzunguko wa damu na kupunguza ule ukakamavu, bila kuitonesha misuli. Anayetembea daima ana mguu mmoja chini, kwa hiyo magoti na vifundo havipati kishindo kama anapokimbia.

Hospitalini pia utaona wauguzi wakiwahimiza wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wainuke na kutembea mapema, mara daktari anaporuhusu. Lengo mojawapo ni kuzuia damu isigande katika vena za miguu. Nawe ukitoka kuugua, kwa mfano malaria, usirudi uwanjani siku ya kwanza. Anza kwa kutembea kidogo, ongeza kila siku. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, acha na umwone mhudumu wa afya.

4. Utembee kiasi gani na namna gani?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kati hadi nzito za mwili, na watu wazima dakika 150 hadi 300 za shughuli za kati kwa wiki. Ile idadi maarufu ya hatua 10,000 kwa siku haikutoka maabara. Ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Si idadi mbaya, lakini asiyeifikia asidhani amefeli.

Mwendo unaofaa ni wa haraka kiasi, karibu hatua 100 kwa dakika. Jipime kwa mdomo: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba ubeti mzima bila kuvuta pumzi katikati. Tembea wima, mabega yakiwa yamelegea, kisigino kikitangulia kugusa chini.

Muda wa kutembea huhitaji kuuiba kwenye masomo. Gawa dakika zako: kumi baada ya chakula cha mchana, kumi kati ya vipindi viwili vya kujisomea, na nyingine jioni. Tembeeni wawili mkiulizana maswali ya Historia au Baiolojia. Na kama njia yako iko barabarani, tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia, na uvae nguo ya rangi ya kung'aa kunapokuwa na giza.

Neno la mwisho ni kwako unayetembea kilomita nne kwenda shule na nne kurudi. Wewe tayari unatembea zaidi ya saa moja na nusu kila siku, na moyo wako unafaidika. Lakini siwezi kukusifia shida. Safari hiyo ukiwa na njaa ni mzigo, na kwa msichana njia yenye kichaka ni hatari. Tembeeni kwa makundi, na mwambieni mwalimu mnayemwamini pale njia inapokuwa si salama. Yule msichana wa paredi alirudi kula na akaanza kuzunguka uwanja na rafiki yake kila jioni. Hakupungua sana kabla ya mahafali, lakini alifanya mtihani wake akiwa macho.

MASWALI

1. (a) Pendekeza kichwa kingine cha habari kisichozidi maneno matano.
(b) Kwa nini msichana aliyetajwa alianguka paredi?
(c) Eleza tofauti ya kikazi kati ya dereva na kondakta iliyomvutia Jerry Morris.
(d) Mwandishi anakiri udhaifu gani katika ulinganisho wa madereva na makondakta? Ni ushahidi gani mwingine unaouimarisha?
(e) Msuli wa shavu la mguu husaidiaje mzunguko wa damu?
(f) Mwandishi anasahihisha imani gani kuhusu maumivu ya misuli?

2. Eleza maana ya maneno na mafungu haya kama yalivyotumika: (a) mfululizo (b) kujikopa kwa riba kubwa (c) bila kuitonesha (d) siwezi kukusifia shida.

3. Methali "haba na haba hujaza kibaba" imetumika kuonyesha nini? Taja methali nyingine moja yenye maana inayokaribiana nayo.

4. Fupisha sehemu ya pili ya makala kwa maneno yasiyozidi 80.

Kidokezo: Katika swali la 4, watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kunakili tarakimu zote za hesabu. Chukua matokeo, acha hatua za kukokotoa, na tumia maneno yako mwenyewe.