Tupime Kabla ya Kuhukumu
Walimu wenzangu, nilikaribia kumzulia mtu wizi. Tarakilishi yetu ya mezani hapa Migori, inayohifadhi alama za wanafunzi, ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Nilinunua nyingine 4 mjini Homa Bay, nikazipachika. Kioo kikaonyesha zinazotumika ni 3 na ushei tu. Nikapanda matatu kupitia Rongo, hasira zimenijaa. Mwenye duka akakijaribu kipande kwenye mashine yake: kilikuwa kizima. Kumbe Windows tuliyoiweka sisi ni ya biti 32, ambayo mwisho wake ni gigabaiti 4. Tulinakili alama kwanza, kisha tukaweka ya biti 64. Sisi tunaofundisha watoto kutafuta ushahidi, mbona tunautanguliza ulimi?