Uzi Unaokatwa na Sumu ya Pepopunda

Soma habari hii polepole, na zaidi wewe mama unayengoja kuzaa. Ni habari ya kitu kidogo sana kinachoua watoto wachanga.

Mtoto anazaliwa mzima. Analia kwa nguvu, ananyonya vizuri siku ya kwanza na ya pili. Halafu, siku ya nne ao ya saba, kinywa chake kinakaza, hawezi tena kushika titi. Mgongo unapindika kama upinde. Ukimgusa, ao mlango ukipiga kelele, mwili wote unashtuka na kukakamaa. Watu wanasema amerogwa. Hapana. Ugonjwa huu ni pepopunda, wengine wanauita tetanosi.

Mdudu wake anakaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Anajifunika ganda gumu na kungoja hata miaka mingi. Anaingia kwa kitovu kilichokatwa na wembe mchafu, ao kilichopakwa udongo ao mavi ya ng’ombe. Akiisha kuingia, haendi mbali. Anakaa palepale penye kidonda. Sumu yake ndiyo inayosafiri. Inapanda ndani ya mishipa ya fahamu mpaka inafika uti wa mgongo.

Huko inafanya nini? Waganga walijua habari ya sumu hii tangu karne ya 19, lakini kazi yake ya ndani ilifichika mpaka miaka ya 1990.

Fahamu kwanza jambo hili. Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo vidogo viitwavyo seli, na kila seli ina ukuta mwembamba wa mafuta. Seli ya mshipa wa fahamu ikitaka kusema na jirani yake, haina mdomo. Inaweka dawa ya habari ndani ya vifuko vidogo. Kifuko kinasogea mpaka ukutani, ngozi yake inaungana na ukuta, na kilichomo kinamwagika nje. Lakini ngozi mbili za namna hii haziungani kwa kupenda kwao. Lazima kitu kizivute kwa nguvu.

Kitu hicho hakionekani hata kwa darubini ya kawaida, maana ni kidogo kuliko mwanga wenyewe unavyoweza kuonyesha. Basi wataalamu walitumia njia nyingine. Umeona jinsi maji ya chumvi yakikauka yanaacha vipande vyenye pembe sawasawa? Hivi vinaitwa fuwele: ndani yake kila chembe imepangwa kwa safu, kama matofali. Protini pia, ikisafishwa sana, inaweza kufanya fuwele. Kisha wanapitisha ndani yake miale ya eksirei, ndugu ya ile inayopiga picha ya mfupa uliovunjika. Miale inatawanyika na kuacha madoa mengi, na kwa hesabu ndefu wanapata umbo la protini kutoka katika madoa hayo.

Mwaka 1998 Axel Brunger, Reinhard Jahn na wenzao walionyesha kwa njia hiyo umbo la protini zinazovuta kifuko. Walitumia sehemu za protini za panya. Waliona nini? Kamba! Nyuzi nne zimesokotana, urefu wake nanometa 12 hivi, na milimeta moja ina nanometa milioni moja. Uzi mmoja unatoka kwenye kifuko, unaitwa sinaptobrevini. Mwingine, sintaksini, unatoka ukutani. Mbili zilizobaki ni za protini moja, SNAP-25, nayo inakaa ukutani. Wewe uliyesuka kamba unafahamu mara moja: nyuzi za huku na za huku zikisokotana mpaka mwisho, vitu zilivyofungwa navyo vinakaribiana mpaka vinagusana.

Sasa rudi kwa mtoto wetu. Mwaka 1992 Giampietro Schiavo, Cesare Montecucco na wenzao walikuwa wamekwisha kugundua kwamba sumu ya pepopunda ni kama kisu. Inakata sinaptobrevini. Uzi huo wa panya una vipande 116 vilivyoungana kimoja kimoja. Sumu inakata kati ya kipande cha 76 na cha 77, hapo tu. Kamba iliyokwisha kusokotwa haiwezi kuikata. Inakata uzi ulio wazi, unaongoja kazi. Uzi ukikatwa, kifuko kinabaki na mzigo wake.

Na seli zinazonyamazishwa hivi ndizo zinazoiambia misuli, “Tulia.” Neno hilo lisipofika, misuli yote inakaza pamoja.

Kwa hiyo ugonjwa ukianza, mpeleke mtoto hospitali saa ileile. Dawa ya kupinga sumu itakamata sumu ambayo haijaingia katika seli. Iliyokwisha kuingia haikamatwi tena, na mwili unahitaji majuma mengi ili kujitengeneza upya. Muda huo wote mtoto anahitaji chumba kimya, dawa za kulegeza misuli, na watu wa kumlinda apate kupumua.

Njia iliyo bora ni kuzuia sumu kabla haijafika. Mama ambaye hajachanjwa kamwe apate sindano mbili katika mimba, zikiachana majuma manne ao zaidi, na ya pili iwe majuma mawili ao zaidi mbele ya kuzaa. Kinga inapita katika damu yake mpaka kwa mtoto. Kisha aulize tarehe ya sindano zinazofuata. Siku ya kuzaa, wembe uwe mpya. Kuchemsha ule wa zamani hakutoshi, maana lile ganda gumu linaweza kushinda maji ya moto. Juu ya kitovu usipake kitu, ila dawa uliyopewa na muuguzi.

Na mtu aliyeugua pepopunda akapona, yeye pia achanjwe. Sumu inayoweza kuua ni kidogo mno, hata haitoshi kuufundisha mwili kujikinga.