Kwa nini benki inakuzungusha ukitaka akaunti ya pili ya biashara?

Swali hili tunaulizwa mara kwa mara na wasikilizaji wenye maduka, mashine za kusaga na biashara za mazao: "Nina akaunti tayari, benki inanijua. Mbona nikitaka ya pili naambiwa nianze upya?"

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la pembejeo. Akaunti yake inapokea mauzo ya dukani. Mwaka huu ameongeza mashine ya kusaga, na anataka fedha za mashine zikae peke yake ili ajue kila biashara inamletea nini. Anapanda basi hadi mjini, anarudi mikono mitupu. Nauli imekwenda, na duka lilifungwa kutwa nzima.

Si kwamba benki inamshuku. Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inaitaka benki imtambue mteja na ielewe fedha zake zinatoka wapi. Karatasi alizopeleka wakati ule zilihusu duka. Mashine ni biashara nyingine.

Vikwazo vinavyojitokeza zaidi

*Majina kutofanana.* Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, TIN ina mawili, na herufi moja imekosewa. Kwako ni jambo dogo, lakini kwa karani wa benki hao wanaweza kuwa watu wawili.

*Jina la biashara.* Akaunti hufunguliwa kwa jina lililo kwenye cheti cha BRELA. Ukitaka akaunti ya mashine iwe na jina jipya, lisajili kwanza jina hilo. Ukiridhika na jina la duka, uliza kama cheti ulichonacho kinatosha.

*Leseni.* Leseni ya biashara huisha muda wake, na ya duka haifuniki mashine. Ulizia halmashauri kabla ya kwenda benki.

*TIN.* Mtu ana TIN moja tu, hata akiwa na biashara tatu. Usitafute ya pili. Nenda TRA, waambie waongeze taarifa za biashara mpya. TIN haiuzwi, anayekudai pesa ili akupatie, mkatae.

*Akaunti iliyolala.* Kama ile ya kwanza haijaguswa kwa muda mrefu, benki inaweza kutaka uihuishe kwanza.

*Wabia na vikundi.* Hapa mtu mmoja hawezi kwenda peke yake. Benki itataka muhtasari wa kikao kilichokubali kufungua akaunti, wenye sahihi, na majina ya watakaoidhinisha utoaji wa fedha.

Kabla hujapanda basi

Piga simu tawini au muulize wakala wa benki aliye karibu. Omba orodha kamili ya nyaraka, na uulize mambo matatu: kiasi cha kuanzia, makato ya kila mwezi, na salio la chini. Akaunti mbili zaweza kuwa makato mara mbili. Kama biashara mpya bado inaingiza kidogo, daftari la mauzo lililotunzwa vizuri linaweza kukutosha kwa sasa.

Kama una mkopo katika benki hiyo, soma mkataba. Baadhi ya mikataba huiruhusu benki kukata rejesho kwenye akaunti yako yoyote, hata ile uliyofungua juzi.

Jambo lingine: Bodi ya Bima ya Amana humlinda mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5 katika benki moja, iwapo benki hiyo itafilisika. Akaunti mbili kwenye benki ileile zinajumlishwa, hivyo kinga haiongezeki.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Usipoelewana na tawi, peleka malalamiko rasmi kwa benki yenyewe na utunze nakala. Wasipokutendea haki, hatua inayofuata ni dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania.

Kwa mama yetu wa pembejeo, mpangilio ni huu: BRELA kama anataka jina jipya, TRA kuongeza biashara, halmashauri kupata leseni ya mashine, kisha simu tawini. Benki aende mwisho, akiwa na bahasha iliyokamilika, nakala na vyeti halisi pamoja.